Chanjo Iliyopita Junju

Zamani huku Pwani, mtoto akishikwa na homa kali, macho yakageuka na mwili ukakakamaa, watu hawakusema ni malaria. Walisema ni degedege, au amepigwa na nyuni, na dawa yake haikutafutwa hospitalini kwanza. Malaria lilikuwa jina la homa ya kawaida, ile ya kuumwa kichwa na viungo, unameza vidonge na maisha yanaendelea. Ugonjwa mmoja, majina mawili, njia mbili za matibabu. Watoto wengi walifika wodini wakiwa wamechelewa.

Naanzia hapa kwa sababu hadithi ya chanjo ya malaria husimuliwa ikianzia Ubelgiji au Marekani, na sisi tunatokea mwishoni, kwenye picha, tumepanga foleni na watoto mgongoni. Ukiitazama kutoka Kakuyuni, huku bara ya Malindi karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, mpangilio unabadilika. Shuka Malindi mjini, shika barabara ya Mombasa, na kabla hujafika mbali uko Kilifi. Pale, ndani ya uwanja wa hospitali ya kaunti, kuna kituo cha utafiti ambacho bila hicho hadithi hii ingekuwa nyingine kabisa.

Kituo hicho cha KEMRI na Wellcome Trust kilianza mwaka 1989, kikiongozwa na Norbert Peshu, Mkenya, pamoja na Kevin Marsh, daktari Mwingereza. Kazi ya kwanza haikuwa chanjo. Ilikuwa kuelewa kwa nini watoto wanakufa. Miaka ya kati ya tisini wakajaribu kitu rahisi: vyandarua vilivyotiwa dawa. Matokeo yaliyochapishwa 1996 yalionyesha kwamba vifo vya watoto vilipungua kwa asilimia 33, na kulazwa kwa malaria kali kukapungua kwa asilimia 44. Chandarua unachokiona leo kimefungwa juu ya kitanda cha bibi kina deni kwa vijiji vya Kilifi.

Chanjo yenyewe ilizaliwa mbali. Miaka ya themanini, kampuni iliyokuja kuitwa GSK ilianza kuitengeneza kwenye maabara zake za Ubelgiji, ikishirikiana na taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani, Walter Reed. Usishangae jeshi kuwemo: mbu hajali bunduki, na mwanajeshi anayetetemeka kitandani hapigani vita. Mwaka 1997 chanjo hiyo, iliyopewa jina la RTS,S, iliwakinga watu 6 kati ya 7 waliojitolea kuumwa na mbu wenye vimelea. Habari nzuri sana. Lakini kampuni ni kampuni. Anayeihitaji chanjo hii zaidi ni mtoto wa mkulima asiye na pesa, na biashara ya namna hiyo haimvutii mwenye hisa. Mwaka 2001 shirika la PATH likaingia, likiwa na fedha za wakfu wa Bill na Melinda Gates, na GSK baadaye ikaahidi kuuza kwa gharama ya kutengeneza pamoja na faida ya asilimia 5 hivi, nayo irudishwe kwenye utafiti.

Sasa hebu tuulize kila mmoja alileta nini mezani. Kampuni ilileta kiwanda na chanjo. Watafiti walileta wodi, hadubini, na miaka mingi ya kujuana na vijiji. Wadhibiti wa dawa, kama Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya, walileta kitu kimoja ambacho wengine wawili hawana: mamlaka ya kusema hapana. Tatizo ni kwamba bodi nyingi za Afrika zilizoea kupokea chanjo ambazo Ulaya au Marekani zilishazipitisha. Hii ilikuwa inakuja Afrika kwanza. Ndiyo maana mwaka 2006 WHO ilianzisha jukwaa la AVAREF, ili wadhibiti wa nchi zetu wakae pamoja, wasome mafaili ya majaribio pamoja, na mmoja asiburuzwe peke yake.

Mwaka 2007 zamu ya Pwani ikafika. Watoto 894 wa umri wa miezi 5 hadi 17, wa Kilifi na wa Korogwe kule Tanzania, waliingizwa kwenye jaribio. Upande wetu, Junju ndilo jina lililobaki kwenye vitabu. Nusu walipata chanjo ya malaria. Nusu nyingine walipata chanjo ya kichaa cha mbwa, ili kila mtoto aondoke na kinga fulani na mzazi asijue mwanawe yuko kundi gani. Desemba 2008 matokeo yakatoka: malaria ilipungua kwa asilimia 53 katika muda wa miezi minane hivi. Dunia ikapiga makofi.

Vijijini makofi hayakuwa rahisi hivyo. Damu ya mtoto ikichukuliwa, watu huuliza inaenda wapi, na Pwani ina neno la zamani kwa swali hilo: mumiani. Palikuwa na uvumi kwamba damu inauzwa, na kwamba kuna ushetani ndani yake. Wasomi wengine wangeuita ujinga. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo labda ndiyo sababu naona vingine: mtu aliyeona mali yake ikibebwa na wageni vizazi na vizazi ana haki ya kuuliza chupa inaenda wapi. Kwa sifa yake, kituo cha Kilifi hakikuishia kukanusha. Kiliweka wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe, na watafiti wake wakaandika waziwazi kuhusu ugumu wa idhini: kwamba mzazi anaweza kutia sahihi kwa sababu mtoto atatibiwa vizuri, si kwa sababu ameelewa utafiti.

Halafu ikaja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Watafiti hawakufunga mafaili baada ya makofi. Waliendelea kuwafuatilia watoto 447 wa Kilifi kwa miaka saba. Mwaka 2016 Ally Olotu, Philip Bejon na wenzao wakachapisha walichokiona. Mwaka wa kwanza kinga ilikuwa asilimia 35.9. Ukihesabu miaka yote saba, ilikuwa imebaki asilimia 4.4. Tena, kwa watoto walioishi penye mbu wengi, mwaka wa tano waliochanjwa waliugua zaidi kuliko wasiochanjwa, labda kwa sababu miili yao haikupata nafasi ya kujijengea kinga yake ya asili mapema.

Fikiria hilo. Chanjo imegharimu miaka thelathini, kampuni inasubiri, wafadhili wanasubiri, na kituo kilichoijaribu kinasema hadharani: dozi tatu hazidumu. Hakuna aliyewaziba mdomo. Na jaribio kubwa zaidi, la watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika, lilionyesha kwamba ukiongeza dozi ya nne, malaria inapungua kwa asilimia 36 katika miaka minne hivi, badala ya 28 kwa dozi tatu.

Wadhibiti nao walifanya kazi yao bila haraka. Julai 2015 shirika la Ulaya la dawa lilitoa maoni mazuri. WHO haikusema haya twendeni. Katika jaribio kubwa kulikuwa na visa vya homa ya uti wa mgongo vilivyotia shaka, na vifo vya wasichana vilivyohitaji maelezo. Ikaagiza chanjo itolewe kwanza katika maeneo machache, huku ikichunguzwa. Kenya ilizindua yake tarehe 13 Septemba 2019, Homa Bay.

Naam, Homa Bay. Si Junju, si Kakuyuni. Sababu yake ina maana: malaria ya kando ya Ziwa ni kali zaidi, na Kilifi kulazwa kwa watoto kwa malaria kulishuka kutoka 18.43 kwa kila watoto elfu moja mwaka 2003 hadi 3.42 mwaka 2007. Dawa huenda palipo na ugonjwa mwingi. Lakini mama aliyemtoa mwanawe kwa sindano na vipimo vya damu anastahili kuelezwa hivyo, kwa lugha yake, kabla hajasikia redioni kwamba chanjo imezinduliwa kwingine.

Na hata kule Ziwa swali la idhini lilirudi. Mwaka 2020 jarida la BMJ lilichapisha ukosoaji mkali: wazazi walikuwa wanaletewa chanjo inayochunguzwa bila kuombwa idhini kama washiriki wa utafiti. WHO ilijibu kwamba ni chanjo iliyoidhinishwa na nchi, inayotolewa kliniki kama nyingine. Hoja zote mbili zina uzito. Mzazi aliyekaa kwenye benchi la kliniki hakuwa na njia ya kuzisikia.

Oktoba 2021 WHO ikapendekeza chanjo hiyo kwa watoto. Tathmini ya nchi tatu za mwanzo, Ghana, Kenya na Malawi, ilionyesha vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vimepungua kwa asilimia 13. Mwaka 2023 chanjo ya pili, R21, ya Chuo Kikuu cha Oxford na kiwanda cha Serum Institute cha India, ikapendekezwa pia, kwa dola 2 hadi 4 kila dozi. Mojawapo ya vituo vilivyoijaribu? Kilifi, tena.

Watu hupenda kusifu ushirikiano kana kwamba maana yake ni kukubaliana. Historia hii inasema kinyume. Chanjo ilifika kwa sababu watafiti waliweza kuiambia kampuni kinga inaisha, na wadhibiti waliweza kuwaambia wote wawili wangojee. Palipokuwa na uwezo wa kukataa, kazi ilinyooka. Palipokosekana, uvumi ulijaza nafasi.

Anayebaki ni mzazi. Yeye ndiye mshirika wa nne, naye hana maabara wala muhuri. Ana "ndiyo" na "hapana" tu. Kwa hivyo watu wa utafiti wakibisha hodi nyumbani kwenu, Kakuyuni au kwingine, wakaribishe, wape maji, kisha waulize mambo matatu: damu inaenda wapi, matokeo mtatuletea lini, na nikikataa mtoto wangu atatibiwa vilevile? Mtafiti mzuri hatakasirika. Atakuwa na majibu tayari, kwa sababu watu wa Kilifi walishawauliza wenzake kabla yako.