Bumba la matetemeko

Julai 2007 wafanyakazi wa Nairobi walishuka mbio kutoka maghorofani, wengine zaidi ya mara moja. Chanzo kilikuwa ng'ambo ya mpaka, chini ya mlima Gelai kaskazini mwa Tanzania, ambako ardhi ilianza kutikisika tarehe 12 na kuendelea kwa wiki kadhaa. Tetemeko kubwa kuliko yote, la kipimo cha 5.9, lilikuja tarehe 17, baada ya mengine mengi.

Matetemeko ya namna hii tumezoea kuyaita "mfululizo". Tatizo ni kwamba Kagera nako kulikuwa na mfululizo. Septemba 10, 2016 lilitangulia kubwa, la 5.9 vilevile, likabomoa nyumba Bukoba. Yaliyofuata yalikuwa madogo, miamba ikijiweka sawa baada ya kuteleza. Volkano haikuhusika.

Gelai kisa kilikuwa kingine. Magma ilikuwa ikijipenyeza kwenye miamba na kuipasua kidogo kidogo, na mipasuko hiyo ndiyo iliyotikisa ardhi. Mwishowe ikaganda humo kama ukuta, bila kutoka juu. Wanajiolojia wanaoandika Kiingereza wameazima neno la nyuki wanaohama, na neno hilo sisi tunalo: bumba. Bumba la matetemeko ni matetemeko mengi ya eneo moja, ndani ya siku au wiki, yasiyo na tetemeko kuu moja lililoyazaa. (Nyuki wana malkia, najua. Istilahi haidai kufanana kwa kila kitu.)

Septemba 4, 2007, jirani wa Gelai, Ol Doinyo Lengai, alilipuka na kurusha majivu angani. Mtu angesema bumba ni hodi ya volkano. Lakini Goma, Mei 22, 2021, Nyiragongo ilimwaga lava bila onyo la maana, na bumba likaja baadaye, magma ikisogea chini ya mji kuelekea Ziwa Kivu. Mei 27 wakazi wakaamriwa kuhama sehemu kubwa ya mji, na hakuna lava nyingine iliyotoka.

Kwa hiyo mwandishi wa habari anayesikia bumba asikimbilie kuandika kwamba mlima unalipuka kesho. Aulize kwanza kama matetemeko yanapanda kuja juu, kama ardhi inavimba, na kama gesi imeongezeka.