Zimwi Linaposema: James Whale na Mwendelezo wa Frankenstein

Aghalabu wahakiki wa fasihi hupuuza mwendelezo wa filamu za kutisha. Huuona kuwa kazi iliyozaliwa na tamaa ya fedha, isiyo na neno jipya. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dai hilo, ingawa lina ukweli kuhusu chanzo cha kazi hizo, halitoshi kuwa kigezo cha kuzihukumia. Mfano wetu ni Bride of Frankenstein, filamu iliyoelekezwa na James Whale na kutolewa na kampuni ya Universal ya Marekani mwaka 1935.

Whale, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1889, alilelewa kisanaa na jukwaa. Alipata sifa kwa kuelekeza Journey's End, tamthilia ya R. C. Sherriff kuhusu Vita Vikuu vya Kwanza, ambavyo yeye mwenyewe alipigana na kutekwa. Filamu yake ya Frankenstein (1931) ilileta faida kubwa, na Universal ikataka nyingine. Whale alisitasita, kwani aliona kwamba wazo hilo alikwisha kulimaliza.

Kusita huko kulikuwa na msingi wa kisanaa. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Katika mwendelezo, hadhira ndiyo inayolijua zimwi, na woga hupungua kwa kadiri ya ujuzi huo. Mwelekezi ana njia mbili: kuzidisha mauaji, au kulibadilisha zimwi lenyewe. Whale alichagua ya pili, na kwa kufanya hivyo akairudia riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818.

Katika riwaya, kiumbe huyo hujifunza lugha kwa kuisikiliza familia ya mzee kipofu, na hujitetea kwa ufasaha. Filamu ya 1931 ilimnyang'anya ulimi, akabaki kunguruma. Mwaka 1935 Whale alimrudishia maneno machache kupitia mtawa kipofu anayempokea bila kumhukumu kwa sura. Boris Karloff, aliyeigiza nafasi hiyo, alipinga uamuzi huo. Hata hivyo, ni lugha inayomwezesha mtazamaji kumhurumia, kwa kuwa anayeweza kutamka neno rafiki anaweza pia kunyimwa urafiki. Kadhalika, mwenzi wa kike, ambaye katika riwaya Victor humrarua kabla ya kumpa uhai, hapa anahuishwa, kisha anamkataa aliyeundiwa. Elsa Lanchester aliigiza mwenzi huyo na vilevile Mary Shelley katika utangulizi, hivi kwamba mtunzi na kiumbe wanashiriki uso mmoja. Huu si upambaji tu. Filamu inakiri kwa njia hiyo kwamba ina deni kwa matini iliyotangulia.

Yote haya yalifanyika chini ya udhibiti. Tangu mwaka 1934, Joseph Breen alisimamia kwa ukali kanuni za maadili za filamu za Hollywood, na ofisi yake ilipinga maneno yaliyomlinganisha mwanasayansi na Mungu. Kejeli ya Whale, hasa katika usawiri wa Daktari Pretorius ulioigizwa na Ernest Thesiger, iliyapitisha kwa mzaha mengi ambayo yasingeruhusiwa kusemwa waziwazi.

Thamani ya uamuzi wa Whale hudhihirika tukitazama kilichofuata. Katika Son of Frankenstein (1939), iliyoelekezwa na Rowland V. Lee, zimwi lilirudi kuwa bubu. Biashara ilikuwa ileile, kampuni ileile na mwigizaji yuleyule, lakini swali la kiumbe anayedai haki kwa muumba wake lilififia.

Kwa hiyo, sababu za kibiashara haziwezi kueleza peke yake ubora au udhaifu wa mwendelezo. Mhakiki anapaswa kuuliza kazi ya pili imeisoma vipi ile ya kwanza, na imempa nani ulimi. Asipouliza hivyo, atakuwa amehukumu mkataba badala ya sanaa.