Pamba, Mizani na Uzi: Historia Fupi ya Ushirika wa Nyanza

Katika maduka madogo ya vifaa vya ushonaji Mwanza mjini, uzi wa kufumia huuzwa kwa bonge. Mama anataka mweupe wa vitambaa vya makochi, binti anataka wa rangi ya maziwa wa kufumia kofia na soksi za mtoto anayesubiriwa, mwingine amekuja na kazi iliyomkwama, na muuza duka anaichukua, anafumua safu mbili na kumrudishia ikiwa imenyooka. Biashara na mafunzo huenda pamoja, na hakuna anayelipia somo. Lakini sehemu kubwa ya uzi huo imetoka ng'ambo, na mwingi si pamba hata kidogo. Wakati huohuo Misungwi, Kwimba na Magu pamba inalimwa, kama ilivyolimwa kwa biashara tangu enzi za Wajerumani.

Katikati ya shamba lile na duka hili kuna taasisi moja, ambayo mwaka 2025 ilitimiza miaka 70 tangu kuasisiwa kwa mzizi wake: Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria, uliokuja kuitwa Nyanza. Inastahili kukumbukwa, kwa yale iliyoyaweza na kwa yale iliyoyapoteza.

Ilianzia kwenye mizani. Mkulima wa Usukuma wa miaka ya 1940 alilima kwa jembe la mkono, mara nyingi akiwa na kikundi cha wenzake, ngoma ya bugobogobo ikiwapigia mwendo. Alivuna kwa vidole, kitumba kimoja baada ya kingine, kisha familia nzima ilikaa kuchagua: safi huku, fifi, yaani ya daraja la chini, kule. Akafunga mzigo, akaubeba kwa kichwa au kwa baiskeli hadi kituo cha kununulia. Hapo kazi yote ya mwaka ilihukumiwa na mizani asiyoweza kuisoma, mbele ya karani wa mnunuzi. Viwanda vya kuchambua pamba vilikuwa vingi mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiasia, na malalamiko ya kupunjwa uzito yalikuwa ya kila msimu.

Dawa ilipatikana vijijini. Wakulima walichagua vijana wao wenyewe, wanaojua kusoma na kuandika, wakawalipa wasimame kando ya mizani na kuhakiki uzito. Naona hili ndilo tendo kubwa kuliko yote katika historia hii, kubwa kuliko majengo na marobota yaliyofuata. Mkulima hakuomba huruma. Aliweka mtu wake pale panapohesabiwa jasho lake.

Aliyeunganisha nguvu hizo alikuwa Paul Bomani, mzaliwa wa Ikizu, Musoma, mwaka 1925, aliyekuwa kwanza mtendaji wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika pale Mwanza. Alizunguka vijijini akieleza jinsi wakulima wanavyoweza kuuza pamoja. Mwaka 1952 ikapatikana jumuiya ya wakulima wa Jimbo la Ziwa, vyama vya msingi vikaanza kusajiliwa, naye Bomani akaenda Uingereza kusoma ushirika katika chuo cha Loughborough. Mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa shirikisho moja, ndio ule Muungano wa Victoria, Bomani akiwa meneja mkuu. Kufikia mwisho wa mwongo ule, karibu pamba yote ya Kanda ya Ziwa ilikuwa inapita mikononi mwa shirikisho hilo, na watu wengi walilitaja kuwa ushirika mkubwa kuliko wote unaomilikiwa na Waafrika barani.

Tusisahau siasa ya wakati ule. Kuanzia 1954 hadi 1958 TANU, chama kilichodai uhuru, kilizuiwa kuendesha matawi yake Kanda ya Ziwa. Palipokuwa hakuna mkutano wa chama, palikuwa na mkutano wa pamba. Mtu aliyejifunza kuchagua mweka hazina wa chama cha msingi, kuhoji mahesabu na kumwondoa asiyefaa, alikuwa tayari anajifunza kujitawala. Bomani mwenyewe alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika mwaka 1962.

Ushirika ulielewa pia kwamba mizani peke yake haitoshi. Kilo 3 za pamba mbegu hutoa takriban kilo 1 tu ya pamba nyuzi. Zinazobaki karibu zote ni mbegu, zenye mafuta na mashudu ndani yake. Mwenye mashine ya kuchambua ndiye anayevuna mara ya pili, kwa hiyo shirikisho likaanza kumiliki viwanda vyake. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, huko Misungwi, nacho kilikuwa kinatoa mbegu bora mfululizo. Mwaka 1966 zao la pamba nchini likapita marobota 400,000. Miaka hiyohiyo ya mwisho ya 1960 Mwanza ikapata kiwanda chake cha kusokota na kufuma, Mwatex, na pamba ya Usukuma ikaweza kurudi kwa aliyeilima ikiwa kanga, kitenge au shuka bila kuvuka bahari.

Mafanikio yalikuja na maradhi. Shirikisho lilikua haraka kuliko uwezo wa kulisimamia. Makato yaliongezeka, wizi ukaingia, mkulima akaanza kuwaogopa makarani wake kama alivyowaogopa wale wa zamani. Tume ya Rais ya mwaka 1966 ilisikia malalamiko hayo, serikali ikaingilia kati, na mwaka 1968 jina likawa Chama Kikuu cha Ushirika Nyanza. Kisha, mwaka 1976, vyama vikuu vyote nchini vikafutwa na pamba ikaenda kwa mamlaka ya serikali. Malalamiko yalikuwa ya kweli, lakini adhabu ilikosea mlango: ilimnyang'anya mkulima ile haki ya kuchagua nani asimame kwenye mizani. Vyama viliporudishwa mwaka 1984, vilirudi vikiwa vya kuundwa kutoka juu. Miaka 10 baadaye soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, Nyanza ikazama kwenye madeni, na mali zilizojengwa kwa makato ya wakulima zikaanza kuponyoka. Mwatex nayo ilisimama, ikauzwa kwa mwekezaji.

Mji haujasahau. Kuna Barabara ya Pamba, na kuna timu ya Pamba, TP Lindanda, iliyotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1990 na kurejea Ligi Kuu mwaka 2024. Jukwaa lote huimba jina la zao.

Tangu 2018 serikali imerudisha ununuzi wa pamba kwenye vyama vya msingi, AMCOS, na juhudi za kuzirejesha mali za Nyanza zimefanyika. Ni hatua nzuri, ila inaishia palepale kwenye mizani. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi yetu bado inauzwa nje ikiwa robota, na mama wa Mwanza anayefuma kitambaa kwa mkono wake anafumia uzi wa kigeni. Kusokota uzi wa kufumia hakudai kiwanda cha ukubwa wa Mwatex ya zamani. Mashine ndogo zinaweza kuanza kazi hiyo, SIDO ipo Nyakato ikiwa na jukumu la kusaidia viwanda vidogo, na wateja wameshapanga foleni kwenye maduka ya uzi.

Kwenu wanachama wa AMCOS za Mwanza, Simiyu na Shinyanga: mtakapokutana kabla ya msimu wa ununuzi kufunguliwa Mei, wekeni jambo hili la kusokota uzi kwenye ajenda, na mlipigie kura.