Ndege nyuki na mila, Mwanza
Mapokezi ya mashine zinazojiendesha katika Kanda ya Ziwa. Mwaka 2018 kampuni za DHL na Wingcopter pamoja na shirika la GIZ zilijaribu kupeleka dawa kisiwani Ukerewe kwa ndege nyuki: kilomita 60 kwa dakika 40 hivi, bila rubani. Usukumani, hata katika kata ya mjini kama Buhongwa jijini Mwanza, simulizi za wachawi wanaoruka usiku kwa ungo zinajulikana sana. Kwa hiyo chombo kisicho na mtu kinapopita juu ya paa, kuuliza ni cha nani na kimetumwa na nani ni haki, wala si ujinga. Mgeni hutambulishwa kwa balozi wa nyumba kumi. Mashine nayo inastahili hivyo. Na si mgeni wa mara moja tu: Oktoba 2018 Mwanza ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa ndege nyuki, Lake Victoria Challenge.