Hofu, Ukoo na Imani: Jumuiya ya Mahuru wa Masasi, 1876–1926

1.0 Utangulizi

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki ya karne ya 19, mtumwa hakutambulika kwa mnyororo bali kwa kukosa jamaa. Mtoto aliyetekwa karibu na Ziwa Nyasa, akauzwa mara mbili au tatu njiani, kisha akavushwa bahari hadi Unguja, alikuwa amepoteza makaburi ya wazee wake, watu wa kumtolea mahari, na hata mtu wa kumlilia siku ya kufa. Mara nyingi alikuwa ameanza kuisahau lugha ya mama yake. Hati ya uhuru haikumrudishia chochote kati ya hivyo. Kwa sababu hiyo, historia ya kukomeshwa kwa biashara ya utumwa ikiandikwa kwa kufuata mikataba peke yake, huishia pale ambapo hofu ya waliokombolewa ilikuwa ndiyo kwanza inaanza: wao ni nani sasa, na wataishi na nani?

Makala haya yanachunguza namna kundi moja la watu hao lilivyolikabili swali hilo kwa njia ya imani ya Kikristo. Kundi lenyewe ni mahuru waliotoka Unguja mwaka 1876 pamoja na Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (UMCA), wakaweka makazi Masasi, kusini mwa Tanzania ya leo. Hoja inayojengwa ni kwamba imani haikuwaondolea mahuru hofu kwa kuwapa ngome wala mlinzi. Ilipotegemewa kwa namna hiyo, ilishindwa. Iliwafaa pale ilipowapatia ukoo, yaani watu wa kuwatambua na taratibu za kuvukia kutoka hali moja ya maisha hadi nyingine. Jambo hili halikufahamika mapema, na waliolifahamu kwanza hawakuwa maaskofu.

2.0 Kutoka Unguja hadi Masasi

UMCA ilizaliwa kutokana na mwito alioutoa David Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1857. Safari yake ya kwanza, iliyoelekea bonde la mto Shire mwaka 1861, iliishia katika vifo. Askofu Charles Mackenzie mwenyewe alifariki Januari 1862. Mwaka 1864 misheni ilihamia Unguja chini ya Askofu William Tozer, na huko ikapokea watoto waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Wavulana walisomeshwa Kiungani; Mbweni pakawa na shamba la makazi ya watu wazima pamoja na shule ya wasichana.

Inafaa kutua kidogo katika saa ile ya kuokolewa. Katika simulizi nyingi za pwani, mateka waliambiwa na wenye majahazi kwamba Wazungu hula watu. Kwa hiyo manowari ya Kiingereza ilipolikaribia jahazi, watoto waliokuwa ndani hawakuona ukombozi, waliona mwisho. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha kitabu kiitwacho Kiungani, kilichokusanya maelezo ya wavulana wa shule hiyo kuhusu makwao na kutekwa kwao. Ni chanzo cha thamani kubwa, ingawa kinapaswa kusomwa kwa uangalifu: wavulana waliandika wakiwa wanafunzi, mbele ya mwalimu, na mwalimu ndiye aliyetafsiri. Hata hivyo kinatukumbusha kwamba imani, kwa watoto hao, haikuanza na mafundisho. Ilianza na ugunduzi kwamba mgeni aliyewachukua hakuwala.

Mkataba wa Juni 1873 kati ya Sultani Barghash na Uingereza ulifunga soko la watumwa la Unguja. Misheni ilipata eneo la soko hilo huko Mkunazini, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Wengi wamelichukua jengo hilo kuwa alama kuu ya enzi ile. Kwa mahuru wenyewe, hata hivyo, swali lilikuwa la kawaida zaidi kuliko jengo: Je, wabaki kisiwani, katika mji ambao kila mtu aliwajua kuwa walikuwa watumwa, au warudi bara, ambako huenda wangetekwa tena?

Steere, aliyekuwa amekwenda kwa miguu hadi Mwembe kwa Mataka mwaka 1875, aliamua kuwarudisha. Oktoba 1876 msafara wenye mahuru zaidi ya 50, wanaume kwa wanawake, uliondoka Unguja na kushukia Lindi. Lengo lilikuwa kusogea kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, penye ardhi nzuri chini ya milima ya mawe, safari ilikatizwa na makazi yakaanzishwa. Uamuzi huo huelezwa katika vitabu vya misheni kuwa wa Steere. Lakini ni vigumu kuamini kwamba watu waliobeba mizigo na watoto kwa wiki kadhaa hawakuwa na kauli. Wengi wao walikuwa na asili ya Kiyao, Kimakua au Kinyasa. Masasi palikuwa karibu na makwao kiasi cha kusikia lugha walizozijua, na mbali kiasi cha kutokutana na waliowauza. Pengine umbali wa namna hiyo ndio hasa walioutaka.

3.0 Kijiji cha Kikristo na uvamizi wa 1882

Kwa miaka sita ya mwanzo Masasi palikuwa kijiji cha aina ya pekee. Kengele iligawa siku. Ibada ilifanyika kwa Kiswahili, lugha ambayo Steere aliishughulikia kwa sarufi na tafsiri. Mashauri yalipelekwa kwa wamisionari, nao wakayaamua. Roland Oliver, katika utafiti wake wa mwaka 1952 kuhusu wamisionari wa Afrika Mashariki, aliyaona makazi ya aina hii kuwa kama vidola vidogo. Neno hilo si kali mno. Mmisionari alikuwa padri, hakimu na mgawaji wa mashamba kwa wakati mmoja.

Ulinzi huo ulikuwa na gharama yake. Mahuru walikuwa wamemwacha bwana mmoja na kupata mlezi mwingine. Mema kwa mabaya, mlezi huyo ndiye aliyekuwa ukoo wao. Majirani waliwatazama kama watu wa Mzungu. Imani yao ilishikamana na kuwapo kwa mlezi huyo, na jambo hilo halikuonekana kuwa hatari hadi Septemba 1882, Wangoni waliojulikana kwa jina la Magwangwara walipoivamia Masasi. Watu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, makazi yakatawanyika.

Kwa mtu ambaye hajawahi kuwa mtumwa, huu ni uvamizi mmoja kati ya mingi ya karne ile. Kwa mahuru wa Masasi lilikuwa ni jambo lilelile walilolikimbia, limewafuata hadi mlangoni mwa kanisa. Wale waliotekwa siku hiyo waliingia utumwani kwa mara ya pili, safari hii wakiwa wamebatizwa. Hakuna fundisho la Kiungani lililowaandaa kwa hilo, na wamisionari hawakuwa na jeshi.

Kilichofuata ndicho kinachostahili kuangaliwa. Jumuiya haikufa. Chauncy Maples, aliyekuwa kiongozi wa kituo, alihamia Newala na sehemu ya watu, kwenye nchi ya Matola, mkuu wa Kiyao aliyewapokea vizuri. Wengine walirudi Masasi baada ya muda na kujenga upya. Tofauti ni kwamba sasa Wakristo waliishi chini ya wakuu wa Kiafrika, kati ya watu ambao si mahuru. Kijiji chenye mipaka kilikuwa kimevunjika, na kwa kuvunjika kwake imani ililazimika kutafuta makao mengine.

4.0 Majaliwa huko Chitangali

Mfano ulio wazi zaidi wa mabadiliko hayo ni Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, akatekwa utotoni, akalelewa na misheni Unguja na kupelekwa kusoma Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alipewa ushemasi na kutumwa Chitangali kwa mkuu wa Kiyao Nakaam. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupata upadri. Jina lake lenyewe ni historia fupi: Majaliwa ni jina la namna ambayo watumwa wengi wa pwani walipewa, na Cecil ni la ubatizo. Hakulitupa hata moja.

Chitangali hapakuwa na kengele ya kugawa siku wala hakimu Mzungu. Majaliwa aliishi na watu, akazungumza nao kwa lugha yao, na kazi ilisonga mbele kiasi cha kumfurahisha Askofu Charles Smythies. Huko, mtu aliyeondolewa kwao akiwa mtoto alirudi akiwa na cheo cha kuheshimiwa na mkuu wa nchi. Ukristo wake haukuwa kimbilio tena. Ulikuwa sababu ya kuketi barazani. Baadaye alirejea Unguja, na misheni haikuharakisha kuwapa mapadri wengine wa Kiafrika uhuru kama wake. Hilo ni doa katika rekodi ya UMCA ambalo waandishi wake hawakulikazia macho.

Ilikuwa pia katika mazingira ya namna hiyo kwamba tatizo la jando lilijitokeza kwa ukali. Mvulana wa Kikristo aliyezuiwa kwenda jandoni aliendelea kuitwa mtoto na rika lake, hata akiwa na ndevu. Mzazi aliyebatizwa alikabiliwa na hofu mbili: akimpeleka mwanawe, atatengwa na kanisa, asipompeleka, mwanawe hatapata mke. Kwa mahuru hofu ya pili ilikuwa nzito kupita kiasi, kwani ilimaanisha watoto wao wangerithi ule upweke ambao wazazi waliupata utumwani.

5.0 Maji, vita na jando la Kikristo

Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilifika Masasi. Kituo cha misheni kilichomwa na wamisionari wakakimbilia pwani. Maji yaliyoanza na Kinjikitile Ngwale huko Ngarambe yalikuwa nayo jibu kwa hofu: yaliahidi kuwakinga watu na risasi za Wajerumani. Wakristo wengi hawakuwa mbali na jibu hilo kama vitabu vya misheni vinavyotaka tuamini. Waliishi nyumba moja na waliolipokea. Vita vilipokwisha, njaa ikaja. Kati ya 1914 na 1917 wamisionari wa Kiingereza walikamatwa na Wajerumani na kuwekwa kizuizini, na makanisa ya kusini yakabaki mikononi mwa mapadri, mashemasi na walimu wa Kiafrika. Ibada ziliendelea. Ikilinganishwa na 1882, tofauti ni kubwa: mlezi aliondolewa kwa mara nyingine, lakini safari hii familia haikutawanyika kwa sababu hakuwa tena yeye peke yake aliyeiunganisha.

Katika miaka hiyohiyo jando la Kikristo lilikuwa likichukua sura. Sifa yake hupewa Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926 na aliyeeleza fikra zake katika insha ya mwaka 1928. Kambi ya porini ilibaki, tohara ikabaki, kipindi cha kutengwa kikabaki, na sherehe ya kuwapokea vijana ikabaki. Sadaka iliyotolewa kwa mizimu ya wahenga ilibadilishwa kwa sala, na mafundisho ambayo kanisa liliyaona kuwa machafu yakaondolewa. Terence Ranger, katika uchunguzi wake uliochapishwa mwaka 1972, aliipunguza sifa ya Lucas kwa hoja nzito: bila mapadri na walimu wa Kiafrika, walioujua mzigo wa mzazi aliyekwama kati ya hofu mbili, jaribio hilo lisingesimama. Hoja ya Ranger inakubalika, na inaweza kusukumwa mbele zaidi. Kwa wenyeji, jando la Kikristo lilikuwa marekebisho ya mila. Kwa wajukuu wa mahuru lilikuwa jambo jingine, kwani wao hawakuwa na mila ya kurekebisha. Babu zao walinyang'anywa kabla ya kupitishwa kambini. Kijana wa ukoo huo alipotoka porini amevaa nguo mpya, akapokewa kwa vigelegele mbele ya kanisa, alipata kwa siku moja rika, wazee na jina.

Kwa wasichana mambo hayakwenda hivyo. Juhudi za kuyaingiza malango katika utaratibu wa kanisa hazikufanikiwa kwa kiwango kilekile. Padri mwanamume aliweza kuingia kambi ya jando kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ametahiriwa. Elimu ya kungwi ilikuwa siri ambayo hakuruhusiwa kuisikia, achilia mbali kuihariri. Wanawake wa kimisionari waliotaka kuisimamia walikuwa hawajaolewa, na katika macho ya wanawake wa Masasi mtu ambaye hajazaa hakuwa na la kuwafundisha wari. Hivyo wajukuu wa kike wa wale waliotembea kutoka Lindi mwaka 1876 waliendelea kuvuka kwa njia mbili kwa pamoja: ubatizo mchana kanisani, na malango usiku kwa bibi zao, ambao hawakuomba ruhusa ya askofu.