Ankara na Makusanyo ya Ada katika Kliniki ya Meno

Ankara na makusanyo ya ada, katika kliniki ya meno, ni taratibu ambazo kwazo daktari humjulisha mgonjwa gharama ya tiba kabla ya kuianza, huiandika kazi aliyoitenda, humdai anayestahiki kudaiwa, awe mgonjwa mwenyewe, mwajiri wake au shirika la bima, na hupokea fedha kwa stakabadhi. Jambo hili lina uzito wa namna yake katika utabibu wa meno, kwa kuwa kazi yake aghalabu hutendeka kwa mafungu na kuchukua majuma kadhaa, na sehemu ya gharama humtoka daktari mapema: taji la jino hutengenezwa na fundi wa maabara, naye hudai ujira wake hata ikiwa mgonjwa hakurudi kuvishwa, na taji lililotengenezwa kwa kipimo cha kinywa kimoja halimfai mtu mwingine awaye yote. Kwa sababu hiyo imekuwa desturi katika kliniki nyingi kutaka arubuni siku jino linapochongwa, na salio siku ya kuvisha.

Sehemu kubwa ya madeni yanayoisumbua kliniki hutokana na ukimya wa siku ya kwanza. Mgonjwa ameingia akiugulia, shavu limevimba, akakubali kila alichoambiwa ili mradi maumivu yaishe, wala hapana aliyemtajia bei. Siku chache baadaye, uchungu umekwisha sahaulika, ankara inamfikia kama dai la mtu asiyemjua. Dawa ya hili ni makadirio ya maandishi yanayotaja kila jino na kila kazi, ada yake, sehemu inayotarajiwa kutoka kwa bima na sehemu ya mgonjwa, kisha yatiwe sahihi. Na hali ikibadilika, kama daktari akilifungua jino alilodhani ni la kuziba tu akakuta uozo umefika kwenye mzizi, inampasa aweke chombo chini, amweleze mgonjwa bei mpya na kuipata idhini yake ndipo aendelee.

Taratibu hizi zimepata umbo la kina mno huko Marekani. Mwaka 1954 wafanyakazi wa bandari za pwani ya magharibi walitaka watoto wao watibiwe meno kwa mfuko wa pamoja, na kutokana na mpango huo yakazaliwa mashirika ambayo baadaye yalijulikana kwa jina la Delta Dental. Mwaka 1969 chama cha madaktari wa meno, American Dental Association, kilichapisha namba za kazi za meno, zijulikanazo leo kama CDT, nazo kwa mujibu wa sheria ya HIPAA ya 1996 zikawa ndizo za lazima katika madai ya kielektroniki: kung'oa jino lililo wazi ni D7140, taji la kauri ni D2740.

Bima ya meno ya huko huwa na kikomo cha mwaka, na hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Tuchukue mfano wa taji la dola 1,200, ambalo bima imeahidi kulilipia nusu. Karani anamwambia mgonjwa kwamba atalipa 600, naye anaridhia. Kumbe kikomo chake ni 1,500, na 1,100 zimekwisha tumika mwaka huo huo, basi bima inatoa 400 zilizobaki, na mgonjwa anatakiwa alipe 800. Zile 200 za ziada anaziona ni hila, ilhali karani angeuliza salio la kikomo mapema, ugomvi huu usingetokea.

Dai huweza pia kurudishwa kwa kosa dogo la uandishi. Gego la kwanza la chini kulia huandikwa 46 kwa hesabu ya FDI, inayofuatwa katika nchi nyingi, lakini Marekani huandikwa 30. Kuna makosa mengine yasiyo ya bahati mbaya: kuisogeza tarehe ya tiba ili iangukie mwaka mpya wa bima, au kumsamehe mgonjwa sehemu yake pasipo kulijulisha shirika, yote mawili yanakatazwa na kanuni za maadili za American Dental Association, na kwa haki, maana mwenye kubeba hasara ni wanachama wote wa mfuko.

Katika Afrika ya Mashariki fedha taslimu na malipo ya simu vina nafasi kubwa. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, imekuwa jambo la kawaida ada ya mama kulipwa na mwanawe aliye mji mwingine. Ujumbe unaoingia unataja jina la mwana na namba ya muamala, na karani asipoliandika papo hapo jina la mama kando ya namba ile, jioni atakuwa na fedha isiyo na mgonjwa na mgonjwa mwenye deni lisilo la kweli.

Madeni hupangwa kwa umri: siku 30, 60, 90 na kuendelea. Simu ya upole katika mwezi wa kwanza, pamoja na ahadi ya kulipa kwa awamu iliyoandikwa, hufaa kuliko barua kali ya mwezi wa sita. Deni likikabidhiwa wakusanyaji wa nje, sheria ya Marekani ya 1977 huwazuia kumpigia mdaiwa kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 3 usiku, isipokuwa kwa ridhaa yake. Na kanuni za maadili za chama kile cha madaktari wa meno zinaamuru kwamba mgonjwa akiomba nakala ya kumbukumbu au picha za meno yake apewe, hata kama hajamaliza kulipa.

Salio huweza kuwa la upande wa pili pia. Mgonjwa aliyelipa zaidi, kwa kuwa bima ilitoa kuliko ilivyokadiriwa, ni mdai wa kliniki, naye hurudishiwa chake bila kungoja aulize. Na katika majimbo ya Marekani, fedha ambayo mwenyewe hakupatikana hukabidhiwa serikali ya jimbo muda wa kisheria ukiisha.