Umechaguliwa grinkadi, sasa je? Historia fupi kwa watu wa Karatu na Ngorongoro

Hapa chuoni joto ni la kufa mtu, bumu bado halijaingia na semina zimenikaba koo, lakini leo sitaki kulalamika. Leo ni historia. Wiki hii kwenye kozi ya mbinu za kufundishia tuliambiwa tuchukue jambo ambalo kila mtu mtaani analijua, halafu tulifuatilie lilikotoka. Wenzangu wamechukua Vita ya Majimaji, wengine Azimio la Arusha. Mimi nimechukua bahati nasibu ya grinkadi, ile ambayo kwetu Karatu tunasema "kucheza DV".

Msinicheke. Karatu ni mji wa njiani. Mtalii anayekwenda kreta ya Ngorongoro akitokea Arusha lazima apite pale, na tangu lami ya Makuyuni hadi langoni ijengwe kwa msaada wa Wajapani mwanzoni mwa miaka ya 2000, magari hayakatiki. Kijana wa Karatu anaweza kuwa hajafika hata Dodoma, lakini kila siku anapika chakula cha Wamarekani, anabeba mabegi yao, anawaonyesha simba. Kwa hiyo Marekani kwetu siyo nchi ya kwenye ramani tu, ni watu waliolala jana kwenye loji ya juu ya barabara. Ndiyo maana ikifika Oktoba, msimu wa kujaza fomu, vijana walikuwa wanapanga foleni kwenye steshenari.

Swali langu ni hili. Kwa nini mtu anayechaguliwa tunasema "ameshinda", wakati wengi wa hao "washindi" hawaondoki? Nimesoma, nimeuliza, na jibu lipo kwenye historia yenyewe.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1965 Marekani ilibadilisha sheria yake ya uhamiaji na kufuta mgao wa zamani uliopendelea nchi za Ulaya kaskazini. Tangu hapo kipaumbele kikawa kwa mwenye ndugu kule au mwenye kazi maalumu. Waliobanwa ni pamoja na Waireland, ambao ndugu zao walihama zamani mno kiasi kwamba hawakuwa tena na mtu wa karibu wa kuwaombea. Miaka ya 1980 uchumi wa Ireland ulikuwa mbaya, vijana wakaingia Marekani na kuishi bila vibali, na wanasiasa wenye asili ya Ireland wakaanza kuwapigania. Sheria ya 1986 ikaleta mpango ulioitwa NP-5, viza 10,000 kwa miaka miwili, kwa raia wa nchi 36 zilizosemekana kuumizwa na sheria ya 1965. Barua zilizotangulia kufika ndizo zilizopewa. Tanzania haikuwemo kwenye orodha ile. Yaani kitu hiki hakikutengenezwa kwa ajili yetu hata kidogo!

Tarehe 29 Novemba 1990 Rais George H. W. Bush alisaini sheria iliyoleta bahati nasibu ya kudumu. Kwanza kukawa na kipindi cha mpito cha 1992 hadi 1994, ambapo Ireland ilihakikishiwa asilimia 40 ya viza. Halafu kuanzia mwaka wa fedha 1995 ikaanza DV tunayoijua: viza 55,000 kwa mwaka, zikigawanywa kwa kanda zenye wahamiaji wachache, na hakuna nchi moja kupata zaidi ya asilimia 7. Mwaka 1997 sheria nyingine ikaruhusu hadi 5,000 kati ya hizo zitumike kwa kundi jingine. Kwa hesabu ya kanda, Afrika ikajikuta na fungu kubwa. Mlango uliochongwa kwa ajili ya Dublin ukawa wazi kwa Karatu.

Zamani ilikuwa ni bahasha. Unaandika jina, unabandika picha, unatuma kwa posta, miaka ya mwanzo kwenda Portsmouth, New Hampshire, baadaye Kentucky. Kuanzia Novemba 2003 karatasi zikafutwa, ikawa intaneti tu. Kwa mji kama wetu hayo ni mabadiliko makubwa. Mwenye kompyuta akawa ndiye katibu wa ndoto za watu. Anakujazia, anakupiga picha, na mara nyingi anabaki na ile namba ya uthibitisho. Sasa bila namba hiyo huwezi kuangalia matokeo, kwa sababu tangu DV ya 2012 barua za posta hazitumwi tena kwa waliochaguliwa na barua pepe ya kusema "hongera umechaguliwa" haipo. Mtu akikutumia ujumbe wa hivyo akitaka pesa, huyo ni tapeli.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Viza ni kama 50,000 hivi, lakini wanaochaguliwa huwa ni wengi zaidi, kwa makusudi kabisa, kwa sababu wapo watakaoacha na wapo watakaokosa sifa. DV ya 2020 walichaguliwa takribani watu 83,000, pamoja na wenza na watoto. Kwa hiyo kuchaguliwa ni kupewa namba kwenye foleni. Namba ya Afrika inaanza na mwaka, kisha herufi AF. Kila mwezi serikali ya Marekani inatoa taarifa ya viza inayosema foleni imefika namba ngapi. Ukiwa na namba ndogo unaitwa mapema, ukiwa na namba kubwa unaweza usiitwe kabisa.

Na foleni yenyewe ina mwisho. Mwaka wao wa fedha unaanza 1 Oktoba na kwisha 30 Septemba. Ikifika saa 6 usiku wa 30 Septemba, imekwisha. Hakuna kusogeza mwaka unaofuata, hata kama faili lako liko mezani na kosa siyo lako.

Katikati hapo kuna kazi ya kufanya. Unajaza fomu ya DS-260 kwenye intaneti. Unatafuta cheti cha kuzaliwa, na kwa mtu aliyezaliwa boma la ndani Ngorongoro au kule bonde la Eyasi, mbali na hospitali, hiyo peke yake ni safari. Unatafuta pasipoti, ambayo tangu ije ya kielektroniki mwaka 2018 imekuwa Sh 150,000. Cheti cha polisi cha tabia njema. Vipimo kwa daktari aliyeteuliwa na ubalozi. Kisha usaili ubalozini Msasani, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 700 kutoka Karatu, na ada ya dola 330 kwa kila mtu, hairudishwi hata ukikataliwa.

Kuna na mambo mawili yanayowaangusha watu wa kwetu. La kwanza ni elimu. Sheria inataka elimu inayolingana na miaka 12 ya Marekani, au uzoefu wa kazi wa miaka 2 ndani ya miaka 5 iliyopita, tena kazi inayohitaji mafunzo ya angalau miaka 2. Wengi wetu tumesoma miaka 7 ya msingi na 4 ya sekondari, hiyo ni 11; ukiongeza kidato cha tano na sita ndio 13. Mwenye cheti cha kidato cha nne anakwenda akijua kwamba ofisa wa usaili ndiye atakayepima kama kinalingana. Na dereva, hata awe na miaka 15 barabarani, kazi hiyo peke yake haimsaidii. La pili ni familia. Mke au mume na watoto wote walio chini ya miaka 21 lazima waandikwe tangu siku ya kwanza, hata kama hawataondoka. Ukimficha mtoto, unakataliwa. Na mwenye wake wawili anayeendelea kuishi nao kwa ndoa, sheria ya Marekani inamzuia kabisa. Kwa wazee wa upande wa Ngorongoro hilo siyo jambo dogo.

Sasa nije kwenye sababu iliyonifanya nichague mada hii. Sheria hizi zinaweza kubadilika baada ya wewe kuchaguliwa.

Tarehe 1 Mei 2011 watu waliangalia matokeo ya DV ya 2012, takribani 22,000 wakaona wamechaguliwa. Siku chache baadaye wakaambiwa matokeo yamefutwa. Kompyuta ilikuwa imechagua karibu wote kutoka siku 2 za mwanzo za usajili, wakati sheria inataka iwe bahati tupu. Julai ikachezeshwa upya. Watu walishaaga majirani!

Halafu 2020. Kaka yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa mpishi kwenye loji, amemaliza kidato cha sita. Mei 2019 akaona jina lake kwenye DV ya 2020. Nyumbani palikuwa na mbuzi, palikuwa na sala, na bibi akaanza kumwita "Mmarekani". Akauza shamba lake dogo la vitunguu kule Mang'ola ili apate pasipoti na nauli. Fomu akajaza. Akabaki anasubiri namba yake ifikiwe.

Tarehe 31 Januari 2020 Rais Donald Trump akasaini tangazo jipya la vizuizi vya kuingia Marekani. Nchi 4, Nigeria, Eritrea, Myanmar na Kirgizistani, zilifungiwa viza za uhamiaji. Sudan na Tanzania zikafungiwa viza za aina moja tu, za bahati nasibu. Someni tena hapo. Mtanzania mwenye mume Marekani aliendelea, mwanafunzi aliendelea, mtalii aliendelea. Aliyezuiwa ni yule aliyechaguliwa kwa DV. Sababu iliyotolewa ni kwamba serikali zetu hazibadilishani taarifa za utambulisho na usalama kwa kiwango wanachotaka. Kizuizi kikaanza 21 Februari. Mwezi uliofuata korona ikafunga anga, watalii wakakatika, loji zikafunga milango na kaka akarudishwa nyumbani. Aprili likaja tangazo jingine la kusimamisha viza za uhamiaji kwa dunia nzima. Septemba jaji mmoja wa Washington akaamuru viza za DV zishughulikiwe haraka kabla mwaka haujaisha, lakini kizuizi cha Januari dhidi ya Tanzania kilidumu hadi Rais Joe Biden alipokifuta, 20 Januari 2021. Hesabuni wenyewe: 30 Septemba 2020 ilikuwa imeshapita. Machi 2021 wizara yao ya mambo ya nje ikaeleza kwamba wa DV ya 2020 hawawezi kupewa tena, mwaka wao umekwisha. Juni 2024 mahakama ya rufaa ikasema hata majaji hawana uwezo wa kuagiza viza hizo zitolewe baada ya mwaka kwisha.

Na mwisho wa 2025 mambo yakarudi. Tarehe 16 Desemba Trump akasaini tangazo lililoiingiza Tanzania kwenye nchi zenye vizuizi kuanzia 1 Januari 2026, safari hii hadi viza za uhamiaji kwa ujumla, za utalii na za wanafunzi. Siku 2 baadaye serikali yake ikatangaza kusimamisha mpango wenyewe wa DV, baada ya shambulio la chuo kikuu cha Brown ambalo mtuhumiwa wake aliwahi kuingia kwa viza hiyo mwaka 2017.

Wazee wa Ngorongoro ukiwasimulia haya hawashangai sana. Mwaka 1959 Wamaasai waliotolewa Serengeti waliambiwa Ngorongoro watakaa. Mwaka 1974 wakatolewa ndani ya kreta. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku, 1992 kikaruhusiwa, baadaye kikapigwa marufuku tena. Tangu 2022 familia zinahamishiwa Msomera, Handeni. Wao wanajua tofauti ya ruhusa na haki. Ruhusa mwenye lango anaweza kuichukua.

Basi mimi nikiwa mwalimu, na Mungu akipenda sina muda mrefu, nitawaambia wanafunzi wangu hivi. Lango likifunguliwa tena, chezeni, siyo dhambi, na kwenye tovuti ya serikali yao, siyo ya mtu. Namba ya uthibitisho iandike kwenye daftari lako mwenyewe. Mke na watoto waandike wote. Ukichaguliwa, soma kwanza kama Watanzania wanapewa viza mwaka huo, ndipo utoe hata shilingi. Kazi usiache, shamba usiuze, ng'ombe waache zizini mpaka viza iwe imebandikwa kwenye pasipoti. Na mtaani tuache kusema "ameshinda". Tuseme "amepata namba". Neno hilo moja lingemwachia kaka yangu shamba lake.

Yeye yupo, anapika kwenye loji nyingine, vitunguu analima kwa kukodi. Shamba la Mang'ola lina mwenyewe sasa.

Haya wadau, kesho nina semina saa 2 asubuhi na bado sijasoma. Usiku mwema.